Kompyuta ya Kuanika

Kama ingekuwa ni Katibu anayeandika haya, angeanza na kuzaliwa: mahali, wazazi, mtoto wa ngapi, shule ya msingi, ubatizo. Ndivyo alivyowaanza watu wote aliowahi kuwaandika, matajiri kwa maskini, na hakuna aliyelalamika, maana wote walikuwa wamekufa. Mimi sitaanzia hapo. Kuhusu kwao najua neno moja tu, "magharibi," na baba yake sikumjua, na isitoshe Katibu mwenyewe hajafa. Nikikosea nyakati humu ndani, nikasema "alikuwa" mahali pa "ni," mnisamehe. Yeye ndiye aliyenifunza kuziogopa.

Tunakaa nje kidogo ya Kitengela, kule ambako lami inaishia na nguzo za stima zinaishia papo hapo, kana kwamba vilikubaliana. Nilipohamia na watoto wangu nilimkuta tayari ana ua wa michongoma, mkewe, na kuku wasio na adabu. Mimi nauza chakula cha mifugo mjini. Nimezaliwa upande wa Nyeri na nimejaliwa sauti kubwa, na kwa sababu ya hiyo sauti ndiyo tukajuana. Katibu aliandika historia za marehemu, zile zinazochapishwa kwenye programu ya mazishi, na mimi nikawa msomaji wake. Yeye alikuwa akisoma mwenyewe zamani, lakini sauti yake haivuki safu ya tatu ya viti.

Jina la Katibu si la cheo kimoja. Alikuwa katibu wa kanisa, katibu wa chama cha wakaazi, na katibu wa kila kamati ya mazishi iliyokaa kwenye viti vya plastiki upande huu wa mto. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuchapa katika ofisi moja kule Kajiado, na alipenda kusema kwamba walimstaafisha yeye na taipureta siku moja, ila taipureta ndiyo iliyoagwa vizuri.

Laptopu aliletewa na kijana wake. Ni ndogo, haizidi Biblia ya madhabahuni, rangi ya majivu, na kifuniko chake kina ufa ulioshikwa na selotepu. Kijana alikuwa fundi wa sola, mtoto wao wa pekee, na alimtengenezea baba yake mpango mzima: paneli ya ukubwa wa sinia ya chai, ya kubebeka ili wezi wasiione juu ya paa, waya mrefu, na kijisanduku cha kupunguza nguvu ili moto usije ukaunguza matumbo ya mashine. Kila asubuhi Katibu alitoa paneli nje, akailaza kwenye kiti kisicho na mgongo, akaielekeza jua. Laptopu yenyewe ilikaa ndani kivulini, lakini yeye alisema, "Nimeianika."

Ukipita na kumwamkia, hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Hajambo, mke hajambo, kompyuta ameianika.

"Katibu," nilimtania siku moja, "hii kitu yako ni mahindi?"

"Mahindi ukiyaanika vibaya yanashika kuvu, Mama Nimo. Hii ukiianika vibaya inakufa na watu wangu ndani."

Watu wake walikuwa marehemu. Wote walikuwa humo, kila mmoja na faili lake.

Ukiishi na mashine ya namna hiyo unaishi kwa amri ya mbingu, na Katibu alizitii amri hizo kuliko zile kumi. Kabla jua halijapanda vizuri hakuna kufungua. Kivuli cha tangi la maji kikifika mlangoni, unamaliza sentensi na unafunga. Mwangaza wa kioo ulishushwa mpaka ikabidi mtu asogeze pua kama anayenusa maziwa. Mchana aliandikia watu barua za kwenda kwa chifu, akasoma gazeti la wiki iliyopita ambalo mtu alimletea kwenye flashi, na moto ukibaki alicheza nyimbo za kwaya wakati mkewe anachambua mboga. Vumbi la Kitengela unalijua wewe uliyewahi kuanika shuka nyeupe huku. Kila baada ya muda alitoka na kitambaa kibichi akaipangusa paneli taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi, halafu akaisogeza kidogo kulifuata jua. Siku ya mawingu alikaa mlangoni. "Jua halikopeshi," alisema. Mwezi wa Julai, ambapo huku kwetu jua huonekana kama mgeni mwenye haraka, wafiwa walikuja wakamkuta amekunja mikono, na akawaambia wakaombe mbingu zifunguke kwanza.

Kwa marehemu alikuwa mwongo, na mimi namwambia hivyo hivyo usoni. Mtu mzima ambaye nyumbani hakuvumilia uongo wa kikombe kilichovunjika, kwenye programu hakuwahi kumzika mlevi. Mlevi alikuwa "mtu wa watu." Mkorofi alikuwa "mwenye msimamo." Mzee mmoja aliyewapiga wake zake wote wawili alitoka "mlezi asiyependa mzaha," nami nilipolisoma hilo mbele ya wajane, mmoja alikohoa mpaka akaletewa maji. Nilimuuliza Katibu kama hana haya. Akaniambia kwamba wazima wanahitaji kuambiwa ukweli ili wabadilike, lakini marehemu ukimwambia ukweli atafanya nini nao?

Wazima kweli aliwaambia. Kijana wake ndiye aliyeambiwa kuliko wote. Nilikuwa nasikia kupitia michongoma: umechelewa, umekonda, hiyo suruali ni ya nani, umeendesha hiyo piki kama nani. Sijawahi kumsikia akimsifu. Lakini kijana akishaondoka, Katibu alitoka nje, akaigusa paneli pembeni kwa kidole, akaangalia vile ilivyofungwa vizuri, akatikisa kichwa kwa raha. Nadhani hakujua kwamba watu huwa tunaona.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa na mawingu wala jua. Hakumwandika mtu anayepumua. Familia zenye mgonjwa wa muda mrefu zilikuja mapema, kwa adabu, zikitaka kujitayarisha, na aliwafukuza kwa adabu hiyo hiyo. Mama mmoja alimjia mchana mumewe akiwa amelazwa, madaktari wameshasema yao. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Amekula leo?" akauliza.

"Uji kidogo."

"Basi rudi umpelekee mwingine. Mimi sina kazi na mtu wa uji."

Nilimwona mama yule akitoka pale, na aliondoka akitembea haraka kuliko alivyokuja.

Kosa lake kubwa la kazi lilizaliwa na sheria hiyo hiyo. Palikuwa na mzee mwenye uwezo kule Laiser Hill ambaye watoto wake walikuwa wamemwandikia sifa ndefu akiwa hai, ya kusoma siku ya kutimiza miaka fulani ya ndoa. Baba anapenda hivi, Baba anafanya vile. Mzee akafa ghafla. Watoto wakaleta zile kurasa kwenye flashi na kumwomba Katibu azifanye za mazishi, haraka, maana wachapishaji wanangoja. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: mbingu zilikuwa zimefunga tangu juzi, taa ya betri ilikuwa nyekundu, na kurasa zilikuwa nyingi. Katibu akafikiria njia ya mkato. Kilichotofautisha mzima na marehemu, alijiambia, ni silabi moja tu. Anapenda, alipenda. Anacheka, alicheka. Akaiamuru kompyuta itafute kila "na" iweke "li," ikafanya hivyo mara moja, naye akahifadhi na mashine ikazima.

Mimi ndiye niliyesimama chini ya hema na ile programu mkononi. Mwanzo ulikwenda vizuri. Alipenda, alisaidia, alisali. Halafu nikafika kwa familia, na kwa kuwa macho yangu huwa yanatangulia mdomo kidogo tu, nilishasema kabla sijaona: "Baba li Mama wamebarikiwa li wali watano."

Watu walikuwa na njaa. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama huo wali umeshaiva. Nikajaribu kuruka chini, nikatua kwenye mstari wa mwisho: "Bwali ametoa li Bwali ametwaa, jili la Bwali lihimidiwe." Hema lote lilicheka, hadi wafiwa, hadi mchungaji aliyejifunika uso na Biblia. Katibu peke yake hakucheka. Alikwenda kwa mjane na kumwomba msamaha akiwa ameinama, na mjane akamwambia mzee angefurahi, lakini hilo halikumfariji.

Njiani kurudi aliongea mara moja tu.

"Na ziko mbili, Mama Nimo. Kuna na ya wakati, na kuna na ya pamoja. Mashine haijui tofauti."

"Si uliijua wewe?"

"Nilijua. Nilikuwa na haraka na maiti."

Tangu hapo alizibadilisha moja moja kwa kidole, hata kama taa ni nyekundu, hata kama gari la wachapishaji linapiga honi langoni. Watoto wangu walipokua wakaambiwa shuleni habari za nyakati, wao walikuwa wameshazijua kwa wali watano.

Nimechelewesha jambo ambalo lazima niliseme. Nalisema sasa.

Wakati wa mvua ndefu, kijana alipata kazi ya kufunga paneli za pampu ya maji kwenye boma moja upande wa Magadi. Aliondoka asubuhi na piki. Katibu alimwambia kofia ile ya piki ni kubwa kuliko kichwa, na kijana akacheka akaivaa. Huko alikokuwa akipita hakukuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu milimani, na maji yakashuka na korongo la mchanga ambalo mwaka mzima mbuzi hulala ndani yake. Yalimkuta katikati, jua likiwaka.

Piki ilipatikana siku ya pili, imezikwa nusu. Kisanduku cha vifaa kilipatikana mbele zaidi. Kofia ilipatikana imenasa kwenye mgunga. Yeye hakupatikana. Wamaasai wa huko walikuja wengi na fimbo ndefu, wakachoma mchanga hatua kwa hatua kwenda chini, bila kuitwa na bila kuambiwa asante, na mimi niliwaona, kwa sababu mume wa rafiki yangu alitupeleka na gari lake. Katibu alitembea nyuma yao na viatu vya kanisani. Alimwamkia kila mmoja, "Sopa," na matamshi yake mabaya, nao wakamwitikia, "Ipa," kwa upole.

Mchungaji mmoja wa ng'ombe, mtu wa makamo, ndiye aliyekuwa ng'ambo maji yalipokuja.

"Mzee, tuliita," akamwambia. "Tuliita sana. Alikuwa na ile kofia ya piki, hakusikia."

"Ulimwona akianguka?"

"Niliona maji, mzee."

"Nimekuuliza kama ulimwona yeye."

Yule mtu akatazama chini. "Hapana. Niliona maji tu."

"Basi hukumwona," Katibu akasema, na akaanza kutembea kurudi kwenye gari.

Mtu asiyeonekana akifa, kwa sheria ya Katibu, ni mtu anayepumua. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, na aliishikilia kwa ukali ambao sikuujua kwake. Watu wa kanisa walikuja kutoa pole, akawauliza pole ya nini. Mtu akiuliza habari za kijana alijibu neno moja, "Ako." Waliposhindana naye kidogo, alisema ako kazini Magadi, mawasiliano ni mabaya. Mwishowe watu wakaacha kupita njia ile. Mtu mwenye huzuni unajua la kumfanyia, lakini yule alikukaribisha ndani na uso mkavu akaanza kukueleza habari za bei ya betri.

Chakula cha jioni kiliwekwa sahani tatu. Ya tatu ilifunikwa na kawa, na asubuhi mkewe akaimwagia kuku.

Na asubuhi, jua likishapanda, aliianika kompyuta na kufungua video. Kijana alikuwa amejirekodi siku ile alipoleta paneli, ili baba asisahau masharti. Ni fupi. Nimeisikia kupitia michongoma mpaka naijua kwa moyo: "Haya Baba, cheki hapa. Asubuhi unapangusa hivi, na kitambaa mbichi, si maji mob. Unaigeuza pole pole ikifuata jua. Usiiache ilale njaa. Sawa? Sawa, Baba." Katibu aliisikiliza, akapangusa paneli vile alivyoambiwa, akarudi akaisikiliza tena. Kwa hiyo moto wote uliopatikana kutoka mbinguni siku ile ulikwenda kwa dakika hizo chache, tena na tena, mpaka taa iwe nyekundu. Barua za watu hakuandika. Waliokufa mtaani msimu ule waliandikwa na watoto wao, na tulisoma mambo ya ajabu.

Mkewe ni mwanamke mdogo wa umbo, asiyeongea sana, anayeimba sauti ya pili. Alinijia dukani mchana mmoja, akasimama katikati ya magunia ya pumba kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikamkalisha kwenye gunia. Niliona vile alivyoisha mwilini. Blauzi ilikuwa imemkataa mabegani.

"Unakula, Mama?" nikamuuliza.

"Mama Nimo, mimi nataka kulia," akasema. "Nataka kulia na siruhusiwi. Nikianza ananiuliza, unamlilia nani?"

Nilimshika mikono tu, na hata pale dukani kwangu, mbali na mumewe, hakulia. Alikuwa ameshasahau njia yake.

Ndugu za Katibu walitoka magharibi wakaja. Walisema kwao kuna desturi ya mtu aliyepotea kwa maji au vita na mwili ukakosekana: hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo zake, likazikwa kwa sala na heshima zote, ili aliyepotea apumzike na waliobaki wajue pa kusimama. Walimweleza taratibu, wakubwa kwa wadogo. Akawapa chai. Akawauliza kama wamewahi kuona mgomba ukiendesha piki. Wakapanga siku bila yeye, wakamwambia wamemtafutia kila kitu isipokuwa historia ya marehemu, kwa maana hiyo hawawezi kuiandika watu wengine na yeye yupo. Akasema, "Simwandiki mtu anayepumua," akatoka nje kugeuza paneli.

Kilichofuata nilikiona na macho yangu, kwa sababu nilikuwa naanika nguo. Katibu alikuwa ameenda mjini. Mkewe alitoka ndani na blanketi, lile la kahawia la kijana wake, akaenda mpaka kwenye kiti, akaifunika paneli. Aliifunika vizuri, akabana pembe chini yake, kama anayemfunika mtu. Halafu akasimama pale.

Katibu aliporudi hakuliona mara moja. Aliingia, akafungua mashine, ikawa giza. Akatoka. Akaliona blanketi.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi," mkewe akasema kutoka mlangoni. "Kila asubuhi namsikia. Niko jikoni, namsikia, natoka nikikimbia, nakuta ni hiyo. Kila asubuhi, Baba. Mimi nimechoka kukimbia."

Nilimngoja agombe, maana kugomba anakujua. Hakugomba. Alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kutokea, karibu na kile kiti. Mkewe akaja akakaa upande wa pili. Walikaa hivyo na blanketi katikati yao, na nguo zangu zikakauka. Hakuliondoa yeye. Siku zilizofuata niliona blanketi likiwa pale pale, na umande juu yake, na kompyuta imekufa ndani na watu wake wote.

Akaandika kwa mkono, kwenye karatasi. Hilo nililijua baadaye. Ndugu zake walipewa jibu kwamba waje, na mimi nikaitwa.

Ilikuwa Agosti mwanzoni, baridi bado, lakini mbingu zilikuwa zimefunguka siku hiyo kwa bahati. Nilipofika mkewe ndiye aliyekuwa nje. Aliliondoa blanketi, akalikunja, akachukua kitambaa kibichi akaipangusa paneli. Si maji mengi. Aliigeuza ikatazama jua, akaingia ndani bila kuniangalia.

Katibu alikuwa mezani. Alikuwa ameshachapa kutoka kwenye karatasi mpaka mwisho, na mashine ilikuwa inakunywa jua. Akanisogezea kiti.

"Soma," akasema.

Nikasoma kwa macho. Haikuanza na kuzaliwa. Hakukuwa na shule wala ubatizo wala mtoto wa ngapi. Ilianza hivi: "Anapenda chai ya rangi. Anavaa koti la baba yake akidhani baba hajui. Anadanganya kwamba amekula. Anachelewa kanisani na anakaa nyuma." Iliendelea hivyo hadi mwisho, kitu juu ya kitu, na hakukuwa na uongo hata mmoja humo, wala neno lolote la kumfunika. Ilikuwa ndiyo historia nzuri kuliko zote alizowahi kuandika na haingeweza kusomwa kwenye mazishi yoyote.

"Katibu," nikasema, "hii ni ya mtu mzima."

"Najua."

"Watu watakuja Jumamosi."

"Najua, Mama Nimo." Akaweka mikono yake juu ya meza, akaitazama. "Nimejaribu jana kwenye karatasi. Hii mikono imekataa. Wewe bonyeza. Mimi nitakuonyesha."

"Zote?"

"Moja moja."

Nikaweka kidole. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake, akaelekeza kwenye neno la kwanza kabisa. Nikafuta silabi moja, nikaandika nyingine. Nina sauti kubwa, na ni mazoea yangu kusoma ninachoandika, kwa hiyo nikasema kabla sijafikiri: "Alipenda chai ya rangi."

Jikoni kitu kilianguka, sufuria au kifuniko. Halafu nikamsikia. Ilianza chini, kama ile sauti ya pili anayoimba kanisani, ikapanda, ikapanda, mpaka kuku wakakimbia uani. Alilia miezi yote kwa mara moja. Nikasimama ili niende kwake, Katibu akanizuia kwa mkono. Nilimtazama nikingoja aulize lile swali lake. Hakuuliza.

"Endelea," akasema. "Jua lipo kidogo."

Tukaendelea. Alivaa. Alidanganya. Alichelewa, alikaa nyuma. Kila mahali alinionyesha na ukucha, nami nikabonyeza, na mle jikoni kilio hakikukatika, na machozi yangu mwenyewe yakaanguka kwenye vile vitufe nikayafuta na kitambaa cha kichwa. Katibu hakulia. Alikuwa kijivu kama ile mashine. Sijawahi kufanya kazi nzito kama ile, na mimi nimebeba magunia maisha yangu yote.

Kidole changu kilikuwa kimeshashika mwendo tulipofika sentensi ya mwisho. "Nyumbani tunaishi watatu: mama yake, mimi na yeye." Nikabadilisha "tunaishi" ikawa "tuliishi," bila kusubiri ukucha wake, nikahamia mbele, na tayari nilikuwa nimefuta silabi nyingine.

Akanishika kifundo cha mkono. Alikishika kwa nguvu.

"Hiyo irudishe."

Nikatazama kioo. Palikuwa na nafasi tupu kati ya "mimi" na "yeye."

"Hiyo si ya wakati, Mama Nimo," akasema. "Hiyo ni ya pamoja."

Nikairudisha. Akaisoma sentensi yote kimya, midomo ikicheza, kisha akaniachilia mkono na kuniambia nihifadhi, kwa sababu kivuli cha tangi kilikuwa kimefika mlangoni.